CCNA mbili za Athi River: Kabla hujalipa, jua unanunua ipi

CCNA ziko mbili hapa Athi River. Kuna ya darasani na kuna ya mtihani. Ya darasani unaipata ukimaliza masomo: mnapigwa picha, unapewa karatasi yenye muhuri, unaenda nyumbani. Ya mtihani unaipata baada ya kukaa saa mbili mbele ya skrini huku kamera ikikutazama, na ukisimama hapo umefaulu ama pesa imeenda. Mwajiri akisema anataka mtu mwenye CCNA, anamaanisha hiyo ya pili. Shida ni kwamba vijana wengi mtaani wanalipia ya kwanza wakidhani wamelipia ya pili.

Naandika haya kwa sababu swali lenyewe halikomi. Mtu ameona bango pale steji, limeandikwa CCNA kwa herufi kubwa na namba ya simu chini, anauliza: "Hii kitu ni poa? Niweke pesa?" Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii. Nataka tu ujue unachonunua, bei yake, na kama kitakufaa wewe unayeishi hapa kati ya viwanda vya simiti na barabara ya Namanga.

UNACHOLIPIA HASA

CCNA ni cheti cha kampuni ya Cisco ya Marekani, inayotengeneza ruta, swichi na vifaa vingine vya mtandao. Kimekuwepo tangu 1998. Cha sasa kinapatikana kwa mtihani mmoja tu, namba yake ni 200-301, ulioanza tarehe 24 Februari 2020. Mtihani huo unasimamiwa na kampuni nyingine inayoitwa Pearson VUE. Chuo chako hakiutungi, hakiusahihishi, na cheti hakitoki kwake.

Hiyo haimaanishi vyuo ni vya utapeli. Cisco yenyewe ina mpango wa masomo unaoitwa Networking Academy, ulioanzishwa 1997, na vyuo vingi nchini vinautumia. Kwenye mpango huo kozi ya CCNA imegawanywa mara tatu, na ukimaliza kila sehemu unapewa cheti cha kumaliza. Cheti hicho ni halali, tena kina nembo ya Cisco. Lakini kisome vizuri: kinasema umemaliza kozi. Hakisemi umefaulu 200-301.

Tofauti hiyo huonekana siku ya mahojiano ya kazi. Aliyefaulu mtihani ana namba ya kuthibitisha cheti chake, na ana beji ya kidijitali kwenye Credly ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuona ni ya lini na inaisha lini. Mwajiri anaandika namba, anapata jibu. Ukiwa na karatasi ya darasani pekee, hapo ndipo mazungumzo hupoa.

Kuna dada mmoja wa ploti yetu aliyelipa ada ya chuo fulani, jina lake naliacha, kwa awamu tatu. Kila awamu alitoa jasho kweli, maana kazi yake ilikuwa ya mkataba wa miezi michache kiwandani. Alipomaliza akauliza mtihani ni lini. Akaambiwa mtihani ni wa Cisco, unajilipia mwenyewe, kwa dola. Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Hakuna pia aliyemwambia mapema.

KWA NINI MTANDAO, NA KWA NINI HAPA

Angalia mji huu kwa macho mengine. Sisi tumezoea kuona vumbi na malori. Lakini Eneo la EPZ, lililotokana na sheria ya 1990, lina viwanda vinavyoshona nguo za kuuzwa ng'ambo. Kuna viwanda vya simiti, kuna vya chuma, kuna Kenya Meat Commission iliyokuwepo tangu 1950. Mizani ya malori iko pale Mlolongo. Kila mahali pa namna hii pana kamera, mashine za kusoma alama za vidole mfanyakazi anapoingia, kompyuta za mishahara na simu za ofisini. Vyote hivyo vinaongea kupitia nyaya na swichi ambazo mtu fulani amezipanga. Zikizima saa nane usiku, mtu fulani anapigiwa simu.

Halafu kuna estate. Syokimau, Mlolongo, Kitengela na hapa kwetu, faiba inavutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Nyuma ya ile waifai ya bei ya mtaa unayolipia kila mwezi, mara nyingi kuna jamaa wachache wenye ngazi, ruta na simu isiyolala. Mbele kidogo kwenye hiyo hiyo barabara ya Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, iko Konza, ambako serikali imejenga kituo cha kuhifadhia data. Kazi ya mtandao haiko ughaibuni peke yake. Iko hapa, inapita juu ya kichwa chako.

Kama unataka kujua kazi hii ina uzito gani, kumbuka hadithi ya KIXP. Zamani, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya kampuni tofauti ya intaneti ilipanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ndipo ikarudi Nairobi. Safari ya mtaa wa pili ikawa ya bara lingine, na kila hatua inalipiwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti zikaungana na kufungua mahali pa kubadilishana data humu nchini. Telkom Kenya ikalalamika, na mdhibiti wa mawasiliano akaamuru pafungwe. Pakafunguliwa tena Februari 2002. Kisha 2009 zikafika Mombasa kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM. Unapotazama video leo bila kuzunguka duara la kusubiri, unakula jasho la watu waliojua pakiti ya data inapaswa kupita wapi.

Hilo ndilo somo lenyewe la CCNA: data inatoka wapi, inapita wapi, nani anaruhusiwa kuiona, na ikikwama unaanzia wapi kutafuta.

MTIHANI WENYEWE

Habari njema kwanza. CCNA haina masharti ya kuingia. Haikuulizi gredi ya KCSE, haikuulizi digrii, haikuulizi uliacha chuo au chuo kilikuacha. Unajisajili, unalipa, unakaa. Kwa mtu kama mimi na wewe, hiyo si jambo dogo.

Habari ya pili ni kwamba haikuonei huruma pia. Una dakika 120, na maswali ni ya Kiingereza. Kuna ya kuchagua jibu, kuna ya kuvuta na kupanga, na kuna yale ambayo unawekewa ruta na swichi kwenye skrini uzipange mwenyewe kwa kuandika amri. Ukishapita swali, hurudi nyuma. Hakuna ile ya shule ya kuruka namba ngumu halafu kuirudia mwishoni. Alama ya kufaulu Cisco haiitangazi. Watu watakutajia namba, lakini wewe usisome ukilenga kupita kwa kuponea.

Mada zenyewe wamezigawa wazi. Misingi ya mitandao ni asilimia 20. Swichi na waifai, yaani vifaa kuingia kwenye mtandao, ni asilimia 20. Njia za data kati ya mtandao na mtandao ni asilimia 25, na ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Huduma za mtandao ni 10, usalama 15, na kuendesha mitandao kwa programu badala ya mkono ni 10. Ukiwa na muda mchache, hesabu hiyo inakuambia uuweke wapi.

Kitu kimoja kwa wanaopenda vitabu vya mitumba kule tauni. Ukipata kitabu kinene cha CCNA kwa bei ya kutupa, angalia jaladani. Kama kimeandikwa 200-125 au 200-120, hicho ni cha mtihani uliokwisha kufutwa. Misingi yake bado ni ileile, lakini kuna mada humo zilizoondolewa, na kuna zilizoongezwa ambazo hutazikuta. Hata 200-301 yenyewe ilifanyiwa marekebisho tarehe 20 Agosti 2024. Orodha rasmi ya mada iko bure kwenye tovuti ya Cisco. Ichapishe, ibandike ukutani, uwe unaweka tiki.

HESABU INAYOTISHA WATU NI YA PLOTI

Wengi huvunjika moyo wanapofika kwenye kugawa anwani za mtandao, ile hesabu inayoitwa sabneti. Wanaona maski, mikwaju na namba zenye nukta, wanafunga kitabu. Lakini wewe ni mtu wa Athi River. Umekua ukiona mashamba yakikatwa vipande na kuuzwa. Hii unaijua tayari.

Chukua mtandao 192.168.10.0/24. Hilo ni shamba lenye nafasi 256, kuanzia 0 hadi 255. Mwenye kiwanda anataka lигawanywe mara nne: ofisi ya fedha, mashine, kamera na waifai ya wageni. Unakata kwa /26, kila ploti inapata nafasi 64. Ya kwanza inaanzia 0 hadi 63, ya pili 64 hadi 127, ya tatu 128 hadi 191, ya nne 192 hadi 255.

Sasa, unajua ploti huwezi kuijenga yote, lazima uache kidogo kwa njia na mpaka. Hapa pia ni hivyo. Namba ya kwanza ya kila ploti ni jina la ploti yenyewe, hupewi mtu. Namba ya mwisho ni ya kutangazia wote walio ndani, hupewi mtu pia. Kwa hivyo katika 64 unabaki na 62 za kutumia.

Mtihani utakuuliza hivi: kompyuta yenye anwani 192.168.10.77/26 iko kwenye mtandao upi? Angalia ploti. 77 iko kati ya 64 na 127. Mtandao wake ni 192.168.10.64, na anwani ya kutangazia ni 192.168.10.127. Basi. Fanya maswali 20 ya namna hiyo kila siku kwa wiki mbili, kwa karatasi na kalamu, hadi uweze kujibu kabla chai haijapoa.

Na usidhani ni hesabu ya kupitia mtihani tu. Kama waifai ya wageni iko kwenye ploti moja na kompyuta ya mishahara, na hakuna ukuta kati yao, mgeni aliyekuja kuleta mzigo anaweza kuanza kubisha mlango wa mishahara akiwa amekaa pale getini na simu. Ukiweza kumweleza mwenye kiwanda jambo hilo kwa lugha ya kawaida, umeshaanza kazi.

PESA, BILA KUFICHANA

Mtihani wa CCNA ni dola 300, na kodi inaweza kuongezwa unapolipa. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hiyo ni Sh38,700. Hii si pesa ya kutoa mfukoni kwa mtu anayelipwa kwa siku. Ukiweka Sh1,500 kila wiki, itakuchukua miezi sita. Na miezi sita si muda mbaya wa kusoma, kwa hivyo anza vyote viwili siku moja: akiba na masomo. Pesa ikitimia, nawe uwe umetimia.

Ukishindwa, kanuni inakuruhusu kurudia baada ya siku tano. Lakini unalipa upya, dola 300 nyingine. Ndiyo maana nasema usikimbilie kuweka tarehe kwa sababu rafiki yako ameweka. Mtoto wa tajiri anaweza kufanya wa kwanza kama majaribio. Wewe wa kwanza ndio wenyewe.

Kuna njia za kupunguza makali. Ukisoma kupitia Networking Academy na kufanya vizuri kwenye mtihani wa mwisho wa kozi, unaweza kupata vocha ya punguzo. Muulize mwalimu masharti yake kabla ya kuanza, sio baada. Pili, kuna cheti kidogo cha Cisco cha kuanzia, CCST, kilichoanza 2023, ambacho mtihani wake ni dola 125, yaani Sh16,125 kwa kiwango hicho hicho. Hakina uzito wa CCNA, lakini kinakupa picha ya mtihani na kitu cha kuweka kwenye CV.

Tatu, kama lengo lako ni kazi za faiba na waifai za mtaani, iangalie MikroTik. Hii ni kampuni ya Latvia, na ruta zake ni za bei nafuu ndiyo maana watoa intaneti wadogo wanazipenda. Cheti chake cha kwanza kinaitwa MTCNA. Tofauti ni kwamba lazima uhudhurie mafunzo ya mkufunzi aliyeidhinishwa, na mtihani unafanywa hapo mwishoni: maswali 25, saa moja, alama ya kufaulu asilimia 60. Hapa kwenye MTCNA, darasa na mtihani vinakuja pamoja. Sasa unaona kwa nini watu huchanganyikiwa wakifika kwa CCNA.

Na jihadhari na wanaouza vocha za nusu bei kwenye Telegram. Lipa moja kwa moja kwa Pearson VUE. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay hukupa kadi ya Visa ya mtandaoni. Ijaribu na malipo madogo kwanza, usije ukagundua tatizo siku ya kulipa Sh38,700.

KUSOMA NA KIPATO CHA MTAANI

Simu peke yake haitoshi. Utahitaji laptopu, lakini si lazima iwe mpya. Packet Tracer, ile programu ya Cisco inayokupa ruta na swichi za kuigiza, ni bure ukifungua akaunti ya Networking Academy, na inaendeshwa na mashine yenye RAM ya GB 4. Hizo laptopu za mtumba zinazotoka Uingereza zinaiweza. Ndani yake unaweza kujenga kiwanda kizima: swichi, ruta, kompyuta, hata waifai, halafu ukate waya mmoja uone nini kitakufa.

Darasa la bure lipo pia. Kwenye YouTube kuna Jeremy's IT Lab, kozi nzima ya 200-301 pamoja na mazoezi ya Packet Tracer. Kama unapenda kitabu, cha Wendell Odom kilichotolewa na Cisco Press ndicho wengi husoma, kina juzuu mbili. Bundles ni ghali, kwa hivyo pakua video usiku pale penye waifai, uzitazame kesho yake.

Siri ya kusoma hii kitu ni moja: mikono. Ukitazama video tatu bila kufungua Packet Tracer, umetazama sinema. Kila ukijifunza jambo, lijenge, liharibu makusudi, litengeneze. Mtihani utakuwekea mtandao uliovunjika. Kazini pia utakuta umevunjika. Hakuna anayemwita fundi kuangalia mtandao unaofanya kazi.

Na tafuta wenzako wawili au watatu. Hapa Makadara kuna watu wanasoma hii kitu kimyakimya kila mmoja kwake. Mkikutana Jumapili mchana, kila mmoja akawaeleza wenzake mada moja kwa Kiswahili, mtajua haraka nani ameelewa na nani amekariri. Ukiweza kumweleza mtu OSPF kwa Kiswahili cha mtaa, unaielewa.

Kuhusu zile faili za maswali na majibu zinazozungushwa WhatsApp, eti ndio mtihani wenyewe: achana nazo. Kabla ya kuanza mtihani unakubali masharti ya usiri, na Cisco ikigundua udanganyifu inaweza kukufutia cheti na kukufungia usifanye mitihani yake tena. Hata ukipita bila kushikwa, bado kuna ile siku utakabidhiwa swichi halisi, meneja amesimama nyuma yako na laini ya mashine imesimama. Faili haitakusaidia hapo.

NYUMBANI AU KITUONI?

Unaruhusiwa kufanya mtihani nyumbani kwa laptopu yako, au kwenye kituo. Nyumbani panavutia kwa sababu hakuna nauli. Lakini fikiria masharti. Chumba kiwe na wewe peke yako. Unapiga picha za meza na kona za chumba kabla ya kuanza. Hakuna simu, hakuna karatasi, hakuna mtu kuingia. Msimamizi anakuangalia kwa kamera na kusikiliza kwa maikrofoni.

Sasa weka masharti hayo kwenye bedsitter ya Athi River. Stima inaweza kupotea. Mtoto wa jirani anaweza kusukuma mlango. Lori linapiga honi, watu wanaongea kwenye korido, intaneti inakatika. Mtihani ukikatizwa, unaanza safari ya kujieleza kwa barua pepe huku dola 300 zako zikining'inia. Kama huna chumba tulivu, stima ya akiba na intaneti imara, nenda kituoni. Vipo Nairobi. Kule unapewa ubao mdogo na kalamu ya kufutika kwa hesabu zako za ploti. Nyumbani unaandikia kwenye skrini.

Ukienda kituoni, usiiamini barabara ya Mombasa. Chukua mtihani wa mchana, toka nyumbani asubuhi. Expressway ipo tangu 2022, inaanzia Mlolongo, lakini matatu yako ikikwama kabla ya hapo haikusaidii kitu. Beba kitambulisho halisi, na hakikisha majina uliyojisajili nayo ni yale yale ya kitambulisho. Kama kwenye akaunti ulijiita jina la Instagram, libadilishe wiki kadhaa mapema.

Ukishindwa, utapewa ripoti inayoonyesha ulivyofanya kwa kila sehemu. Itunze. Ndiyo ramani ya kurudia.

BAADA YA KUFAULU

Tuseme umefaulu. CCNA haikupi kazi, inakupa kusikilizwa. Bado utakutana na matangazo yanayotaka digrii, na mengine yataitupa CV yako kabla ya kufika kwenye neno Cisco. Hiyo ipo, tusidanganyane. Lakini watoa intaneti wadogo, mafundi wa kamera na kampuni zinazofunga mitandao kwa mkataba wanajali zaidi kama kitu kitawaka. Huko ndiko mlango uko chini kidogo. Anza kwa kupanda ngazi na kubana viunganishi vya nyaya, ukiwa na cheti mfukoni, na mwaka mmoja baadaye una vitu viwili ambavyo wengi hawana kwa pamoja: karatasi na mikono.

Kumbuka pia cheti kina umri. CCNA huisha baada ya miaka mitatu. Kabla haijaisha unapaswa kufaulu mtihani mwingine unaokubalika au kukusanya alama 30 za masomo ya kuendelea. Juu yake kuna CCNP, na juu kabisa CCIE, iliyoanza 1993, ambayo mtihani wake wa vitendo huchukua saa nane. Hiyo ni ya siku nyingine. Leo tuko kwenye ploti ya kwanza.

Kwa hivyo ukisimama tena chini ya lile bango pale steji, na mtu wa mapokezi akiwa na risiti mkononi, uliza maswali manne kabla ya kutoa pesa. Ada hii inajumuisha mtihani wa 200-301 au la? Kama haijumuishi, nitapata vocha ya punguzo, na kwa masharti gani? Kuna ruta na swichi za kushika kwa mkono, au ni projekta tu? Na wanafunzi wangapi wa mwaka jana walifanya mtihani wenyewe na kufaulu, na naweza kuona beji zao?

Chuo kizuri kitakujibu bila kukasirika, na hapo unaweza kulipa ukiwa na amani. Kikianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni, nenda nyumbani, fungua Packet Tracer. Ile Sh1,500 ya wiki hii ianze kazi yake.